Ubongo, homoni na mshtuko wa sepsisi: maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, Tanga mjini. Maswali yaliyo hapa nimeyaokota kwenye benchi la nje ya wodi, kwenye matanga, ndani ya daladala la Raskazone, na mengine kwa wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mazoezi na kuondoka kabla sijamaliza kuwajibu. Ndiyo Tanga yetu, waja leo waondoka leo. Yamekaa shaghalabaghala kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza. Lakini mengi yanazunguka fumbo moja: presha ya mgonjwa imeanguka, ubongo una homoni ya kuipandisha, sasa mbona hauitoi?

Mshtuko wa sepsisi ndio ule mshtuko wa moyo?

Sio. Neno "mshtuko" linatuponza. Mtu akilisikia anafikiria mtu aliyeshtushwa, au moyo uliosimama ghafla. Hapa maana yake ni kwamba damu haina nguvu ya kufika kwenye figo, ini, utumbo na ubongo.

Sepsisi yenyewe, kwa maelezo ambayo madaktari wanayatumia tangu mwaka 2016, ni viungo kuharibika hadi uhai kuwa hatarini kwa sababu mwili umepigana na maambukizi bila mpangilio. Mtaani tunasema "sumu imeingia kwenye damu". Sio kosa kubwa, ila ujue sehemu ya sumu hiyo imetengenezwa na mwili wenyewe. Unaitwa mshtuko pale mgonjwa anapokuwa ameshapewa maji ya kutosha kwenye mshipa, na bado anahitaji dawa ili wastani wa presha ushike milimita 65 za zebaki, na lakteti, yaani taka inayotolewa na seli zilizokosa oksijeni, imezidi milimoli 2 kwa lita ya damu. Katika kila wagonjwa kumi waliofika hapo, zaidi ya wanne hufia hospitali. Kwa mwaka 2017 peke yake, makadirio ya dunia yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 wa sepsisi na vifo milioni 11.

Mjomba wako mikono ilikuwa ya moto kabisa. Inakuwaje presha iwe chini?

Hili huulizwa na majirani waliokuja kumwona. Mjomba ni mvuvi. Alikanyaga samaki aitwaye taa wakati anasukuma ngalawa kwenye maji ya magotini, mwiba ukamwingia juu ya kisigino. Kwenye zahanati moja alipewa dawa ya maumivu akaambiwa atapoa. Siku ya nne nikaitwa.

Nilimkuta amelala kwenye jamvi, uso umemwiva. Nikamshika mkono: wa moto, mkavu, mapigo yanakimbia 130 kwa dakika chini ya kidole changu kama ya mtoto mchanga. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba nikaachia. Rangi ilirudi kabla sijatamka "moja". Kwa macho ungesema damu inatembea vizuri mno. Presha ilikuwa 78 kwa 40.

Mishipa yake ilikuwa imelegea. Presha inategemea mambo mawili: moyo unavyosukuma, na mishipa inavyobana. Maji yale yale yanayoruka kwenye bomba jembamba, ukiyamwaga kwenye mfereji mpana yanatambaa tu. Kinacholegeza mishipa kwenye sepsisi ni vitu kadhaa, na kimoja utakisikia tena huko chini, maana nakisingizia mengi: gesi inayoitwa naitriki oksaidi. Mwili huitengeneza kidogo kidogo siku zote kwa ajili ya mawasiliano ya seli, na waliogundua kazi hiyo walipata tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwenye sepsisi kimeng'enya kingine, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, huamka na kuifyatua kwa wingi usiodhibitika.

Usiku ule ule miguu ilianza kupoa, na magoti yakatoka madoadoa ya zambarau. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ubongo unajuaje kwamba huku mwilini mambo yameharibika?

Kwa njia zaidi ya moja, na ile ninayoipenda ni ya walinzi wa presha. Kwenye shingo, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, na kwenye tao la mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna ncha za neva zinazohisi mvutano wa ukuta wa mshipa. Kadiri presha ilivyo nzuri, ndivyo zinavyopeleka ishara nyingi kwenye shina la ubongo. Ishara hizo kazi yake ni kuzuia. Zinamwambia mkubwa: tulia, usitoe homoni ya kubana mishipa.

Umewahi kuishi mtaa wenye mlinzi anayepiga filimbi kila saa? Ukishazoea, hiyo filimbi haikuamshi. Kinachokuamsha ni siku isiposikika. Presha ikianguka, neva zile zinanyamaza, na ukimya wao ndio kengele.

Njia nyingine ni ya damu yenyewe. Seli za kinga zikikutana na bakteria hutoa saitokini, yaani ujumbe wa kemikali. Ubongo una ukuta unaouzuia usichafuliwe na kila kilicho kwenye damu, lakini kuna sehemu chache ambazo ukuta huo ni kama chandarua chenye matundu, na hapo saitokini husikika. Pia kuna neva ya vagasi inayotoka tumboni na kifuani. Inapeleka taarifa ya uvimbe na moto wa mwili moja kwa moja. Na ngozi ya ndani ya mishipa ya ubongo, ikiguswa na saitokini, hutengeneza prostaglandini, ambayo ndiyo hupandisha homa. Parasetamoli inapunguza homa kwa kuzuia hiyo prostaglandini. Haigusi bakteria hata mmoja. Nalisema kwa sababu watu wengi wakiona homa imeshuka wanafunga safari ya kurudi nyumbani.

Haipothalamasi na pituitari ni kitu kimoja?

Ni bosi na ghala lake. Haipothalamasi ni kipande kidogo cha ubongo, ukubwa wa lozi, kipo chini katikati. Pituitari ni tezi ya ukubwa wa punje ya haragwe, inaning'inia chini yake. Sehemu ya mbele ya pituitari hupata amri kupitia vijishipa vya damu, kisha hutengeneza homoni zake yenyewe. Sehemu ya nyuma haitengenezi chochote: homoni zake hufumwa ndani ya seli za neva kule juu kwenye haipothalamasi, zikateremka na nyuzi za neva hizo hizo, zikakaa nyuma zikisubiri amri ya kutolewa. Wanafunzi, shikeni hiyo ya ghala. Bila hiyo swali la sita hamtalielewa.

Vasopresini si ile homoni ya mkojo?

Ndiyo, inaambia figo zirudishe maji. Ukinywa pombe, vasopresini inazuiwa, ndiyo maana walevi wa tembo la mnazi hawakai kitako. Lakini jina lenyewe linakuambia kazi ya kwanza iliyojulikana: mwaka 1895 Oliver na Schäfer, huko Uingereza, walidunga maji ya pituitari kwa wanyama wakaona presha inapanda. Muundo wake ni amino asidi tisa tu, na Vincent du Vigneaud aliyeitengeneza maabara alipata Nobel ya kemia mwaka 1955.

Ina makali ya aina mbili. Damu ikikolea chumvi kwa asilimia 1 au 2 tu, vasopresini hupanda kidogo, mkojo ukapungua, kiu ikaja. Presha inahitaji kushuka zaidi, kama asilimia 10 hivi, ndipo homoni hii ishtuke. Lakini ikishtuka kwa ajili ya presha, hutoka kwa kishindo, mara nyingi zaidi ya kiasi cha mkojo. Kwa kiasi hicho kikubwa hubana mishipa ya ngozi, ya misuli na ya utumbo, ili damu ibaki kwa moyo na ubongo. Na kuna kazi ya tatu: inashirikiana na homoni ya haipothalamasi iitwayo CRH kuisukuma pituitari ya mbele itoe ACTH, ambayo huamsha tezi za juu ya figo.

Mjomba siku ile alikuwa anasema "maji, maji" hata kikombe kikiwa mdomoni. Mfuko wa mkojo ulikuwa na vijiko viwili vitatu vya mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Ubongo wake ulikuwa bado unapiga kelele.

Sasa mbona baadaye unanyamaza?

Hili ndilo swali.

Saa za mwanzo za mshtuko wa sepsisi, vasopresini kwenye damu huwa juu sana, karibu kwa kila mgonjwa. Kisha, wakati presha ingali chini, inaanza kushuka. Mwaka 1997, timu ya Donald Landry huko New York ilipima wagonjwa waliokuwa kwenye mshtuko wa sepsisi na kuwalinganisha na wale ambao presha yao ilishuka kwa sababu moyo umeshindwa. Wa moyo walikuwa na wastani wa pikogramu 22.7 za vasopresini kwa mililita ya damu. Wa sepsisi walikuwa na 3.1. Yaani mtu mwenye presha inayomwua alikuwa na homoni kiasi cha mtu aliyekaa barazani anacheza bao.

Utafiti wa Sharshar na wenzake wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2003, ulipofuatilia siku kwa siku, ulionyesha kwamba upungufu huo haumkumbi kila mtu: ni kama theluthi moja ya walio kwenye mshtuko uliochelewa. Nalisisitiza hilo kwa sababu nimeshasikia watu wakifundisha kwamba kila mgonjwa wa sepsisi ameishiwa. Si kila mmoja.

Sababu ni nini? Ya kwanza ni ghala. Pituitari ya nyuma ina akiba, na kelele za mwanzo huila. Ukiwa na tangi juu ya paa na bomba zote za nyumba ziko wazi, tangi litaisha hata kama pampu inafanya kazi. Kutengeneza vasopresini mpya na kuiteremsha kwenye nyuzi za neva ni kazi ya saa nyingi. Kwenye picha za MRI, pituitari ya nyuma ya mtu mwenye afya hung'aa. Kwa baadhi ya wagonjwa wa mshtuko wa sepsisi ule mng'ao umetoweka. Ghala tupu, linaonekana kwa macho.

Ya pili ni pampu yenyewe. Gesi ile ile iliyolegeza mishipa ya mjomba, naitriki oksaidi, hutengenezwa pia ndani ya haipothalamasi wakati wa sepsisi, na huko huzima seli zinazotoa vasopresini. Hili limechunguzwa sana kwa panya, na maabara za Ribeirão Preto, Brazil, zimelifanyia kazi kwa miaka. Panya waliozuiwa kutengeneza gesi hiyo kwenye ubongo waliendelea kutoa vasopresini katika awamu ya mwisho, na presha yao ikashikilia vizuri zaidi.

Mtu ataniuliza: basi tuzuie gesi. Ilijaribiwa kwa binadamu, ila kwa mwili mzima, sio ubongo peke yake. Presha zilipanda. Vifo navyo vikaongezeka, utafiti ukasimamishwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Kumbe gesi hiyo hiyo ilikuwa inasaidia vijishipa vidogo vidogo kupitisha damu. Mimi nikiona namba nzuri kwenye mashine siku hizi huwa naukumbuka utafiti huo, nasogea kuangalia magoti ya mgonjwa.

Ya tatu ni njia ya taarifa. Mlinzi anaweza kuwa amenyamaza, lakini aliyelala ndani ni kiziwi. Timu ile ile ya Ufaransa ilichunguza ubongo wa watu waliofariki kwa mshtuko wa sepsisi ikakuta seli za neva zimejifia kwenye vituo vinavyoongoza moyo na mishipa, na alama za kimeng'enya cha naitriki oksaidi ziko papo hapo. Kwa hiyo ukimya wa ubongo si uvivu, wala si uamuzi. Mpokea taarifa naye ameumia.

Kama imepungua, si mumpe vasopresini tu?

Huwa inatolewa, pale inapopatikana, lakini si ya kwanza. Ya kwanza ni noradrenalini, homoni nyingine inayobana mishipa; isipokuwepo, adrenalini hutumika. Vasopresini huongezwa juu yake kwa kipimo kidogo sana, kama yuniti 0.03 kwa dakika, na haipandishwi-pandishwi kama zile nyingine. Cha ajabu ni kwamba kiasi hicho, ambacho kwa mtu mwenye afya kisingetikisa presha, kwa mgonjwa wa sepsisi hufanya kazi kweli.

Je, inaokoa maisha zaidi? Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa wagonjwa 778 uliolinganisha kuongeza vasopresini na kuongeza noradrenalini. Kwa jumla vifo havikutofautiana. Inasaidia kupunguza kiasi cha noradrenalini, na hilo lina thamani yake kwa moyo unaokimbia. Ukizidisha, vidole na utumbo vinakosa damu. Kujaza pengo la homoni moja sio kumrudisha mtu alivyokuwa. Hata hivyo ndugu wengi wanatarajia hivyo, na siwalaumu, maana ndivyo insulini inavyofanya kazi kwa mgonjwa wa kisukari na wamezoea kuona.

Kipimo kilionyesha kotisoli iko juu. Kwa nini mlimpa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, tena?

Swali la mwanafunzi mmoja mkali, na nilimjibu vibaya mara ya kwanza.

Kotisoli ni homoni ya tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia. Haipothalamasi hutoa CRH, pituitari hutoa ACTH, adrenali hutoa kotisoli, na kotisoli ikitosha inarudi kuzituliza mbili za juu. Kazi yake hapa ni kuzuia moto wa kinga usiunguze nyumba nzima, kupandisha sukari, na, muhimu zaidi kwetu, kuifanya mishipa iisikie noradrenalini. Bila kotisoli unaweza kumwaga noradrenalini na mishipa isijibu.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kotisoli iko juu kwenye sepsisi kwa sababu ubongo unaiamrisha kwa nguvu. Mwaka 2013 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipima uzalishaji wenyewe kwa wagonjwa mahututi. Walikuta kotisoli imepanda, lakini uzalishaji haukufika hata maradufu ya kawaida, na ACTH ya pituitari ilikuwa chini. Kilichopungua ni uvunjwaji: ini na figo zilikuwa haziiondoi kotisoli kwa kasi yake. Ni kama kuona karo imejaa ukadhani bomba linamwaga sana, kumbe tundu la chini limeziba.

Kwa hiyo namba kubwa kwenye karatasi ya maabara haikuambii kama ubongo unafanya kazi. Tena kotisoli nyingi husafiri imebebwa na protini, na protini hizo hushuka kwenye sepsisi. Kipimo cha kawaida kinahesabu iliyobebwa na iliyo huru kwa pamoja, wakati inayofanya kazi ni iliyo huru.

Ndiyo maana uamuzi wa haidrokotisoni haungoji kipimo. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inapendekeza miligramu 200 kwa siku kwa mtu mzima ambaye mahitaji yake ya noradrenalini yanabaki makubwa kwa saa nne au zaidi. Faida yake? Tafiti mbili kubwa zilitoka mwaka 2018. Moja, ya wagonjwa 3,800, haikuona tofauti ya vifo kwa siku 90, ila mshtuko uliisha mapema. Nyingine, ya Ufaransa, yenye wagonjwa 1,241, ilitumia haidrokotisoni pamoja na fludrokotisoni, dawa ya jamii hiyo inayosaidia figo kubakiza chumvi, na vifo vikawa asilimia 43.0 badala ya 49.1. Kwa maoni yangu mgonjwa kutoka kwenye dawa za presha siku moja mbili mapema si jambo dogo, hasa wodi yenye mashine chache na foleni mlangoni.

Natumia prednisoloni miaka mingi kwa pumu. Na dada yangu anapaka mkorogo. Hili linatuhusu?

Linawahusu kuliko wote waliosoma hapa. Ukinywa steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoli kama hiyo prednisoloni, kwa muda mrefu, haipothalamasi na pituitari huona kotisoli iko tele, zinaacha kuamrisha, na adrenali zinasinyaa kwa kukosa kazi. Siku maambukizi makubwa yakija, ubongo unapiga kelele na tezi hazina cha kutoa. Usiache dawa ghafla, na ukilazwa mwambie daktari jambo la kwanza, kabla hata ya jina la mtaa.

Mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupenya ngozi na kufanya yale yale. Wanawake huona aibu kulisema mbele ya shemeji au mama mkwe. Nong'ona kwa nesi.

Wengine wa kuangaliwa ni waliougua kifua kikuu, maana kinaweza kula tezi za adrenali zenyewe, na mama aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, ambaye maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi. Huyo pituitari yake inaweza kuwa ilikosa damu siku ile, na haijawahi kupona.

Alikuwa anaongea na watu wasioonekana. Hayo si majini?

Nimezaliwa Tanga, sitajifanya sijui watu wanafikiria nini. Bibi yangu mwenyewe angetafuta ubani.

Mjomba alikuwa anamwamrisha mtu ashushe tanga, na tulikuwa chumbani. Mchana alisinzia, usiku akataka kung'oa mpira wa mkojo. Huo ni ubongo ulioguswa na sepsisi: damu pungufu, saitokini, na ukuta wa ubongo uliolegea. Kuchanganyikiwa mara nyingi hutangulia presha kuanguka, na kwa mzee kunaweza kuwa dalili ya kwanza, hata bila homa. Kisomo msomeeni, hakuna anayewakataza, na sauti ya mtu anayemjua humtuliza kuliko yangu. Ila someni akiwa kitandani hospitali na antibayotiki ikiwa inashuka kwenye mshipa. Kwenye mshtuko antibayotiki inatakiwa ndani ya saa moja. Safari ya kwenda kwa fundi na kurudi ni nusu siku.

Kwa nini hamkummiminia dripu nyingi, na presha mlikuwa mnaiona?

Jibu la swali hili linatoka hapa hapa mkoani. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa moja ya vituo vya utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Wengine walimiminiwa maji kwa haraka, wengine walipewa ya kawaida ya taratibu. Matokeo yalipotoka mwaka 2011 yalishangaza dunia: ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 kati ya kila 100 waliomiminiwa, na 7.3 kati ya 100 ambao hawakumiminiwa. Kwa watu wazima, utafiti wa Lusaka, Zambia, wa mwaka 2017 ulielekea huko huko.

Watafiti walidhani mapafu yalijaa maji. Walipochambua vifo, wengi zaidi walikufa kwa mzunguko wa damu kuporomoka. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa linagusa mada yetu: mwili ulikuwa umejibana kwa homoni za dharura, adrenalini na wenzake, na maji ya ghafla yakaizima amri hiyo. Walinzi wa shingoni wakapiga filimbi ya "salama" wakati hakuna usalama.

Haina maana kwamba dripu ni sumu. Mjomba alipewa, kwa chupa moja moja, tukiangalia mkojo, pumzi na ukucha kabla ya kufungua nyingine.

Hana kisukari. Mbona sukari ilipanda hadi 14?

Kotisoli, adrenalini na glukagoni, homoni ya kongosho, huamuru ini limwage sukari, na insulini haisikilizwi. Ikipita 10 kwa kurudia ndipo insulini huanzwa, bila kuibana ishuke kama ya mtu mwenye afya, kwa sababu utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kuibana sana kunaongeza vifo. Kwa mtoto ogopa zaidi kinyume chake: sukari kushuka.

Na homoni za koo?

T3, homoni ya tezi ya shingoni, hushuka kwenye ugonjwa mzito wowote, na TSH, homoni ya pituitari inayoiamrisha tezi hiyo, haipandi kama inavyotakiwa. Kwa kawaida haitibiwi. Usikubali kuuziwa vidonge vya tezi kwa kipimo kilichochukuliwa mgonjwa akiwa mahututi. Subiri apone kipimwe upya.

Naweza kumpima mgonjwa wangu vasopresini?

Hata hospitali kubwa za ng'ambo haziipimi kitandani. Ni homoni inayovunjika kwa dakika na haivumilii kukaa kwenye chupa ya damu. Kuna kipande kinachokatwa pamoja nayo kutoka kwenye protini mama, kopeptini, kinachodumu zaidi, na watafiti hukitumia badala yake. Wewe ndugu wa mgonjwa, hela hiyo ipeleke kwenye antibayotiki na kwenye kusafisha kidonda. Mguu wa mjomba ulifunguliwa, ukatolewa usaha na kipande cha mwiba chenye urefu wa ukucha. Presha ilianza kusimama yenyewe kesho yake jioni.

Ametoka hospitali. Mbona halali usiku?

Kotisoli ya mtu mwenye afya hupanda alfajiri na kushuka usiku, na hicho ni kimojawapo cha vitu vinavyomwambia mwili sasa ni saa ngapi. Kwenye sepsisi mwendo huo hupotea: inakaa juu mchana kutwa na usiku kucha. Ongeza taa za wodi, milio ya mashine na sisi tunaomwamsha kupima presha. Nguvu za misuli nazo huchukua miezi, na kumbukumbu inaweza kuyumba. Mtoe nje asubuhi aote jua, usimwache alale mchana kutwa, na akipata homa tena usingoje siku ya nne.

Mjomba alipotoka alikuwa akiamka saa tisa usiku, anawasha taa ya simu na kushona nyavu hadi adhana ya alfajiri, kisha analala hadi mchana. Shangazi alilalamika weee. Wiki ya sita, saa tatu usiku, akamkuta amesinzia kitini, sindano ya nyavu ingali mkononi.